Larry Kramer na Hesabu ya Kura: Kuisoma Hotuba ya Hasira Ukiwa Huku

Kuna maandishi ya siasa yanayokufa siku matokeo ya uchaguzi unaofuata yanapotangazwa. The Tragedy of Today's Gays cha Larry Kramer kilipaswa kuwa mojawapo. Ni kijitabu tu: hotuba moja aliyoitoa New York tarehe 7 Novemba 2004, siku tano baada ya George W. Bush kumshinda John Kerry, ikachapwa mwaka uliofuata. Bush na Kerry wote wameshatoka ulingoni. Ila mimi nimekisoma mara ya tatu sasa, na kila mara tunagombana upya. Naandika haya nijue ugomvi wenyewe ni wa nini.

Kwa asiyemjua: Kramer (1935–2020) aliandika filamu, riwaya na tamthilia, na alikuwa mtu wa mdomo mkali. Riwaya yake Faggots ya mwaka 1978 iliwaudhi mashoga wenzake kwa sababu iliwasema hadharani, ikawauliza mapenzi yako wapi katika ngono yote ile. Januari 1982 yeye na wenzake walianzisha sebuleni kwake GMHC, shirika la kuwahudumia wagonjwa wa maradhi ambayo hata jina la UKIMWI yalikuwa bado hayajapata. 1985 ikaja tamthilia yake The Normal Heart. Machi 1987 akatoa hotuba iliyozaa ACT UP, wale waandamanaji waliolala barabarani na kuvamia ofisi za serikali wakidai dawa. Mwaka uliofuata akagundua kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Mwishoni mwa 2001 akapandikizwa ini. Kwa hiyo aliyepanda jukwaani 2004 alikuwa mtu ambaye, kwa hesabu za kawaida, alitakiwa awe kaburini.

Na uchaguzi wenyewe? Mei ya mwaka huo jimbo la Massachusetts lilianza kufungisha ndoa za jinsia moja. Miezi mitatu kabla, Bush alishatangaza kuunga mkono marekebisho ya Katiba ya nchi nzima ili kuzizuia. Tarehe 2 Novemba, pamoja na kuchagua rais, wapiga kura wa majimbo 11 waliulizwa kama wanataka katiba za majimbo yao zizipige marufuku. Majimbo yote 11 yakasema ndiyo. Sijui kama kuna namna nyepesi ya kuyapokea matokeo ya aina hiyo. Jirani yako, mwalimu wako, muuza duka wako, kila mmoja kaingia nyuma ya pazia peke yake na kukuwekea alama ya vema au kosa.

Kramer aliyapokea kama anavyoyapokea mambo yote, kwa kelele. Hotuba ina hatua tatu. Kwanza anahesabu: karibu watu milioni 60 wamepiga kura kutuchukia, na haki zetu zimekufa rasmi tangu siku ya uchaguzi. Pili anatafuta mkono uliofanya haya, na anaupata katika waraka wa mwaka 1971 ambao wakili Lewis Powell aliuandikia Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani, akiwahimiza matajiri wajenge taasisi zao, wavamie vyuo vikuu, magazeti na mahakama. Miezi miwili baadaye Nixon akamteua Powell kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Tatu, na hapa ndipo ukumbi ulipochemka, anawageukia wasikilizaji wake: na nyinyi mlikuwa wapi? Mnavuta methamfetamini, mnalala na watu bila kondomu, mnaambukizana maradhi yaliyomaliza kizazi kilichowatangulia, halafu mnashangaa kwamba hamna nguvu ya kisiasa.

Mahali alipotolea ni ukumbi mkubwa wa Cooper Union, ambamo Abraham Lincoln alihutubia Februari 1860, miezi michache kabla hajachaguliwa. Marekani wanapenda kuiita hotuba ile ya Lincoln mfano wa hoja iliyopangika. Ya Kramer haikupangika hivyo. Inarukaruka, inarudia, inatukana, kisha ghafla inalegea na kusema kwamba anawapenda mashoga, anaona ni watu bora na marafiki bora. Msomaji wa fasihi ya Kimarekani huona hapo nabii wa Agano la Kale. Mimi naona kitu cha karibu zaidi: wosia. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mnamo 1858 alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ndio uliompa ruhusa ya kusema kwa kirefu. Mambo wanayousia hayafanani hata kidogo, lakini kiti walichokalia ni kile kile. Mgonjwa aliyeona mengi anamwita kijana, anamwambia kaa hapa, sikiliza, mimi sitakuwepo. Ukisoma hotuba ya Kramer kama wosia, ule ukali unaacha kuwa jeuri tu. Mzazi hamfokei mtoto ambaye hajali kama atakufa.

Nimejaribu kulitia jina la kitabu katika Kiswahili na nimekwama penye maneno mawili. Neno la kwanza ni "tragedy". Wanafasihi wetu wangesema tanzia, na watu wa magazeti wangesema janga. Nachagua msiba, kwa sababu msiba una matanga: majirani wanakuja, maji yanachemshwa, mtu halali peke yake. Na malalamiko ya Kramer tangu miaka ya themanini yalikuwa hayo hayo, kwamba watu walikuwa wanazikana bila matanga, nchi imegeuza uso upande wa pili. Neno la pili ni shoga. Pwani wanawake huitana shoga kwa mapenzi, yaani rafiki wa ndani kabisa. Neno hilo hilo likitupwa kwa mwanamume barabarani linaweza kumletea mawe. Msiba wa Mashoga wa Leo: mtu akiisikia vibaya atadhani ni habari ya kinamama waliofiwa. Na pengine hatakuwa amekosea sana, maana hotuba nzima inauliza kama watu hawa ni marafiki wa kufaana au ni watu wanaokutana usiku tu.

Sasa tuhesabu kura, maana hapo ndipo ninapogombana naye. Bush alipata kura kama milioni 62. Kramer anazichukua karibu zote na kuziweka kwenye kapu la chuki. Lakini tazama Oregon na Michigan. Majimbo yote mawili yalimchagua Kerry, na majimbo yote mawili yalipiga marufuku ndoa zetu siku hiyo hiyo. Maana yake wako watu wengi waliomkataa Bush kwa mkono mmoja na kutukataa sisi kwa mkono wa pili. Kerry mwenyewe alikuwa anapinga ndoa hizo, akikubali muungano wa kiraia tu. Upande wa pili, kura za maoni zilizochukuliwa vituoni zilionyesha kwamba karibu robo ya mashoga na wasagaji waliopiga kura walimpa Bush. Na aliyeongoza kampeni ya Bush mwaka huo, Ken Mehlman, alikuja kutangaza mwaka 2010 kwamba yeye mwenyewe ni shoga. Hebu mweke huyo kwenye kapu la Kramer uone litakavyopasuka.

Simtetei Bush. Nasema hesabu ya Kramer ilikuwa ya kujifariji bila yeye kujua. Kusema adui ni milioni 60 na wote wako chama kile kunakuachia nusu ya nchi ya kuita nyumbani. Ukweli wa Oregon na Michigan ni mchungu zaidi, kwa sababu unasema chama chako mwenyewe kimejaa watu wanaokuvumilia mpaka mlangoni. Miaka minne baadaye jambo hilo likaonekana wazi: usiku ule ule California ilipompigia Obama kura kwa wingi, ilipitisha pia Pendekezo la 8 la kufuta ndoa za jinsia moja. Watu walicheza na kulia usiku mmoja.

Kwa Powell pia namkubali nusu. Waraka upo, na taasisi za kihafidhina zilizofuata zipo na zina fedha. Ila Kramer, mtunzi wa tamthilia, anataka mhusika mmoja mwovu, aliyekaa chumbani na kupanga yote. Siasa ya chuki inayoendeshwa na mkono mmoja ingekuwa rahisi, ungeukata mkono ukamaliza. Zile kura za majimbo 11 zilihitaji pia makanisa ya kawaida, mama wa kawaida, watu waliotuletea chakula tulipougua.

Hatua ya tatu, ya kuwakemea wenzake, ndiyo iliyomletea maadui wengi. Walimwambia kwamba anarudia maneno ya wahubiri, kwamba mtu aliyetoka kupigwa na nchi nzima hahitaji kupigwa tena na babu yake. Hoja hiyo ina uzito. Mimi ni shoga, kura yangu siku zote huenda kwa wanaotaka mabadiliko, na nimeshasikia khutba za kutosha kuhusu mwili wangu. Hata hivyo nikilinganisha, naona tofauti. Mhubiri anakemea ili utoke. Kramer anakemea akiwa ndani na mlango ameufunga, mgonjwa kama wao, akihesabu waliokufa kwa majina yao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alishavisikia vilio vingi mno kuweza kunyamaza kwa adabu. Anapokosea ni pale anapounganisha mambo mawili yasiyoungana: eti tungekuwa na tabia njema tungepata kura. Haki haitolewi kama zawadi ya tabia njema. Wanaofunga ndoa kanisani nao wana ulevi wao na uzinzi wao, na hakuna aliyewapigia kura.

Utabiri wake haukutimia, angalau kwa ndoa. Tarehe 26 Juni 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizihalalisha nchi nzima, na marufuku za majimbo yale 11 zilizokuwa bado zimesimama zikapoteza nguvu. Kramer mwenyewe alishaoa kabla ya hapo: Julai 2013 alifunga ndoa na David Webster katika wodi ya wagonjwa mahututi, akiuguza upasuaji. Lakini kilichokuja kwa hukumu ya majaji tisa kinaweza kuondoka kwa hukumu ya majaji tisa, na hapo yule mzee wa kulalamika kuhusu Powell na mahakama anaanza kusikika tena.

Kuna jambo moja msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulikwepa. Kwa Kramer, Bush ni adui. Kwetu, Bush ndiye rais aliyetangaza Januari 2003 mpango wa PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa katika orodha ya kwanza. Dawa za kufubaza virusi, ambazo kabla ya hapo zilikuwa za wenye fedha, zikaanza kupatikana kwenye zahanati. Serikali ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25. Sheria hiyo hiyo ilikuja na masharti: theluthi moja ya fedha za kinga ilitakiwa iende kwenye mafundisho ya kusubiri hadi ndoa. Unamwambia nini shoga wa Mombasa au Temeke? Dawa unapata, na kwenye kinga unaambiwa subiri ndoa ambayo sheria haitakupa kamwe.

Na mmoja wa wasanifu wakuu wa PEPFAR alikuwa Anthony Fauci, daktari yule yule ambaye Kramer alimwita muuaji gazetini mwaka 1988. Wakaja kuwa marafiki, na Fauci amesema mara nyingi kwamba wanaharakati ndio waliowafundisha wanasayansi kuwasikiliza wagonjwa. Sitachora mstari ulionyooka kutoka kelele za Kramer mpaka kidonge cha mtu wa Kisumu. Ila ukitaka kujua kwa nini naendelea kukisoma kijitabu hiki pamoja na hesabu zake mbovu, sababu ni hiyo. Hasira yake ilifika mbali kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kuona, na ikapita mikononi mwa watu aliowachukia.

Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wa pili wa Donald Trump, misaada ya nje ilisimamishwa kwa siku 90. Baadaye ruhusa ikatolewa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha. Dawa za kumkinga asiye na virusi ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Shoga hakuwemo. Uchaguzi wa Marekani ulifika kliniki zetu bila sisi kupiga kura, na wengi wetu hatukuwa na pa kulalamikia, maana kulalamika ni kujitaja, na kujitaja kunakupeleka mbele ya sheria.

Wagombea wa huku hawahitaji hata kutuwekea swali kwenye karatasi ya kura. Kututukana jukwaani hakuwagharimu chochote, na anayewapinga hatapanda jukwaa hilo hilo kututetea. Ndiyo maana maandishi ya aina ya Kramer hayajazoeleka katika Kiswahili: shoga anayesoma matokeo ya urais kwa sauti yake, kwa jina lake, akawagombeza viongozi na wenzake kwa pumzi moja. Akitokea, natumaini atahesabu vizuri zaidi. Atazame kura za waliotuacha pamoja na kura za waliotupinga, na asidhani kwamba chama kinachomtaka mwanamke huru au mfanyakazi huru kitatutaka na sisi. Lakini ule ukali wa mgonjwa anayemwambia kijana kaa hapa, huo asiupunguze.