Kiatu cha Baiskeli Hupimwa Wakati wa Kushuka

Mwanamichezo wa baiskeli akiwa katika mwendo mzuri huzungusha pedali mara 90 hivi kwa dakika, yaani mara 5,400 kwa saa. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani kiatu kinachaguliwa kwa jinsi kinavyosukuma pedali. Sivyo. Kiatu cha mbio za barabarani na kile cha triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, vinasukuma pedali karibu sawasawa. Vinapotofautiana ni katika namna mguu unavyoingia, namna unavyotoka, na kinachotokea mguu ukishagusa ardhi. Kwa msomaji wa Mulanda, mashariki mwa Uganda, ambaye barabara kuu ya Tororo kwenda Malaba, mpakani na Kenya, humpa lami lakini njia ya kurudi nyumbani humpa murram, yaani udongo wa changarawe, jambo hilo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na yanayofanana. Viatu vyote viwili vina soli ngumu, ya nailoni kwa vya bei nafuu na ya nyuzi za kaboni kwa vya bei kubwa. Soli hiyo haikunjiki, hivyo msukumo husambaa kwenye unyayo badala ya kuchoma sehemu moja iliyo juu ya pedali. Chini yake kuna matundu matatu ya skrubu, ambapo hufungwa kipande cha plastiki kiitwacho kliti. Kliti ndiyo inayong'ata pedali. Mfumo huu ulitoka kwa Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji. Ilitoa pedali yake mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiitumia. Kabla ya hapo mguu ulishikwa kwa kibanio cha chuma na mkanda wa ngozi, na aliyetaka kushuka ilimbidi ainame aulegeze mkanda kwa mkono. Kwa kliti, unapindua kisigino kwa nje na mguu unaachia.

Tofauti ya kwanza iko kwenye kufunga. Kiatu cha barabarani hufungwa kwa mikanda miwili au mitatu, kwa kamba, au kwa kitufe kinachozungushwa na kukaza waya mwembamba. Lengo ni kuushika mguu wote, kuanzia karibu na vidole hadi kwenye kifundo, bila kuubana mahali pamoja. Huvaliwa na soksi, na shingo yake ni nyembamba ili kisigino kisipande na kushuka. Kukivaa vizuri huchukua muda, na muda huo hauna gharama yoyote. Tazama mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima, na Tadej Pogačar alikaa zaidi ya saa 6 juu ya baiskeli kabla ya kushinda. Kiatu cha namna hiyo huvaliwa mara moja kabla ya mbio na kuvuliwa baada ya mstari wa mwisho. Kinachodaiwa kwake ni utulivu wa saa nyingi.

Triathloni ina deni lingine. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Alex Yee wa Uingereza alimshinda Hayden Wilde wa New Zealand kwa sekunde 6 tu, baada ya zaidi ya saa 1 na dakika 43 za kuogelea kilomita 1.5, kuendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Pengo likiwa dogo kiasi hicho, mtu hawezi kukaa chini avae soksi na kukaza mikanda mitatu. Kwa hiyo kiatu cha triathloni kilibuniwa kivaliwe baiskeli ikiwa tayari inakwenda.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Kabla ya mashindano, viatu hung'atishwa kwenye pedali vikiwa wazi. Utepe mwembamba wa mpira hupitishwa kwenye kitanzi kilichoshonwa nyuma ya kisigino na kufungwa kwenye fremu, ili kiatu kikae mlalo kisiburure chini. Mwanamichezo hutoka majini, hufunga kofia ngumu, huchukua baiskeli na kukimbia nayo peku hadi mstari wa kupandia. Hurukia kiti, huweka nyayo juu ya viatu na kuanza kuzungusha. Mpira hukatika wenyewe. Mwendo ukishakolea, huacha kuzungusha kwa muda mfupi, hushika kitanzi, huingiza mguu mmoja na kukaza mkanda, kisha mwingine. Anapokaribia mwisho hufanya kinyume: hutoa miguu, hukanyaga juu ya viatu, na hushuka peku huku viatu vikibaki kwenye pedali.

Ukiielewa kazi hiyo, kila kipengele cha kiatu kinajieleza. Mdomo wake ni mpana na mkanda mkuu ni mmoja, mpana, wa kunata. Ndani hakuna mshono wa kuchubua kwa sababu mguu huingia mbichi bila soksi, na vitundu vya soli hutoa maji. Hata upande wa mkanda una sababu. Kwenye kiatu cha kawaida cha barabarani mkanda ukifunguliwa huangukia ndani, upande wa baiskeli, ambako unaweza kunaswa na cheni. Kwenye kile cha triathloni hufungukia nje.

Wepesi huo una bei yake. Mkanda mmoja hauwezi kugawa mbano kama mikanda mitatu. Mguu huvimba kidogo kwa joto na saa nyingi, na kiatu kisichorekebishika vizuri huanza kuuma au kuteleza. Ndiyo maana katika Ironman, triathloni ndefu ambako sehemu ya baiskeli ni kilomita 180, wapo wanaochagua viatu vya barabarani na soksi safi. Nusu dakika wanayoipoteza mwanzoni si kitu mbele ya saa 5 au 6 za starehe, hasa ukikumbuka kwamba baada yake mguu huohuo utakimbia kilomita 42.2.

Sasa turudi mpakani. Busia ndiko boda boda ya baiskeli ilikoanzia katika miaka ya 1960, ikivusha watu na mizigo katika nafasi iliyo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nzito ya chuma, ambayo Wakenya waliiita Black Mamba, yenye pedali bapa za mpira na kiti cha abiria juu ya keria. Mwendeshaji wake alivaa akala za tairi au sandali. Mtazamaji wa mbio za Ulaya angesema huo ni umaskini wa vifaa, nami nasema ni hesabu sahihi. Mwenye boda hushuka mara nyingi kwa siku: kumpakia abiria, kusukuma gunia mlimani, kutuliza baiskeli kwa mguu inapoyumba na mzigo. Kliti ingemwangusha na abiria wake. Na hapotezi nguvu kama inavyodhaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Straw na Kram, walilinganisha viatu vya kukimbilia kwenye pedali bapa na viatu vya baiskeli vyenye kliti. Katika juhudi nyepesi hadi za wastani, hawakuona tofauti katika nguvu ambayo mwili unatumia. Faida ya soli ngumu na kliti hujitokeza katika mchomoko wa kasi, pale mtu anapokamua nguvu zake zote.

Basi mwenye kufanya mazoezi kutoka Mulanda achague nini? Anayelenga mbio za baiskeli peke yake na achukue kiatu cha barabarani. Anayelenga triathloni fupi, ya baiskeli kilomita 20 au 40, na achukue cha triathloni, ila kwanza ajifunze kurukia baiskeli mahali pasipo magari. Asiyeweza kufanya hivyo hana haja ya kukilipia, kwani akivaa viatu akiwa amesimama, faida yote imepotea. Mwenye fedha ya jozi moja kwa michezo yote miwili, cha barabarani chenye mikanda ya kunata kitamtumikia vizuri zaidi.

Lakini kuna sharti. Kliti ya matundu matatu hutokeza chini ya soli. Ukitembea nayo kwenye mawe ya murram inalika, na wakati wa masika tope huijaa hadi pedali inakataa kuing'ata. Mtu ambaye kila safari yake huanza na kuishia kwenye murram, au anayelazimika kusukuma baiskeli mara kwa mara, aviache viatu vyote viwili. Kinachomfaa ni kiatu cha baiskeli za milimani, chenye matundu mawili na kliti ndogo ya chuma iliyozama ndani ya soli ya mpira. Kampuni ya Shimano ilileta mfumo huo mwaka 1990 kwa ajili ya wanaoshuka na kutembea.

Ukivipata viatu vya baiskeli kwenye mitumba, angalia mambo manne kabla ya kutoa pesa. Hesabu matundu na uhakikishe yanalingana na pedali zako. Kumbuka pia kwamba kliti za Look na za Shimano zenye matundu matatu haziingiliani. Jaribu skrubu, kwani nyuzi zilizokufa kwa kutu hazishiki. Jaribu kukunja soli kwa mikono utafute ufa. Mwisho, vijaribu jioni mguu ukiwa umepanuka: vidole vicheze, kisigino kisipande. Kiatu cha kaboni kisichokutosha ni hasara kuliko cha nailoni kinachokutosha, na kwa anayeanza, pedali bapa na raba yenye soli imara zinatosha hadi atakapojua ni mchezo gani anaoutaka.