Ubeti wa Pili: Namna ya Kupima Kichupa cha Wanafunzi

Ukiletewa video ya muziki iliyopigwa na wanafunzi, ruka utangulizi wa droni, ruka kiitikio cha kwanza, nenda moja kwa moja kwenye ubeti wa pili. Mwanzo wa kichupa hupigwa asubuhi, betri zimejaa, nguo zimenyooshwa na kila mtu ana hamu. Ubeti wa pili huangukia alasiri. Msanii amechoka, mwenye gari anapiga simu akitaka gari lake, na dairekta ameshaanza kusema "hiyo tutairekebisha kwenye editi". Hapo ndipo utakapoona siku iliendeshwaje.

Nachukua mfano wa Bagamoyo. Bahari ipo, kuta za kale zipo, na mji umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981, hiki tunachokiita TaSUBa leo, kwa hiyo watu wake hawashangai kuona kamera.

Anza na shingo ya mwimbaji. Anayeimba kweli, mishipa humtoka na kifua hupanda kabla ya kila mstari. Anayechezesha midomo tu, shingo yake imetulia kama ya mtu anayetafuna karanga. Wanafunzi wengi huona haya kupaza sauti mbele ya wavuvi na watoto waliokusanyika, basi hunong'ona, wakitumaini kwamba sauti ya studio itawafichia. Haiwafichii. Dawa yake ni spika yenye nguvu: wimbo ukirindima, msanii anajisahau na kuimba. Simu iliyotumbukizwa kwenye ndoo haitoshi, hasa upepo wa bahari ukianza.

Kisha midomo. Subiri maneno yenye b, m au p, herufi zisizotamkika bila midomo kufungana. Nyimbo zetu za mapenzi hazikosi "mpenzi" wala "beibi", kwa hiyo hutangoja sana. Ukiona midomo imeshafungana na kuachana, ndipo "mpenzi" isikike, kuna kitu kimeteleza, na pengine kiliteleza ufukweni kabla mhariri hajagusa chochote. Kamera hurekodi sauti ya spika ili baadaye itumike kulinganishia, na sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, kila mita 13 au 14 kati ya spika na kamera ni picha moja ya kuchelewa. Mweke msanii kwenye ngalawa, spika miguuni pake, kamera mita 40 nyuma kwenye mchanga: tayari picha tatu. Mhariri akiamini sauti ya kamera, midomo itayatangulia maneno. Anayeijua kazi huacha mashine imalize kulinganisha, halafu husahihisha kwa jicho, akifuata hizo hizo b na p.

Mwendo wa polepole nao una hesabu yake. Ukitaka mawimbi yatembee taratibu huku midomo ikienda na wimbo, unapiga picha 50 kwa sekunde, unaucheza wimbo kwa kasi maradufu, na msanii anauimba kwa kasi hiyo hiyo. Kundi la Coldplay la Uingereza lilifanya hivyo kwenye video ya "Yellow" mwaka 2000: ufukwe wa Studland, mwimbaji mmoja anatembea, shoti moja isiyokatwa. Hakuna kitu pale ambacho mwanafunzi wa Bagamoyo hawezi kukipata, isipokuwa labda ile baridi. Lakini wimbo wa kasi maradufu huandaliwa nyumbani. Wanaokumbuka wakiwa tayari ufukweni huishia kumpiga msanii akiwa ameipa kamera mgongo, na ukiona ubeti mzima wa migongo, umeshajua.

Jua linataka jicho kali zaidi. Pwani yetu, Machi na Oktoba, jua la saa sita hukaribia kusimama utosini, macho ya mtu yakageuka mashimo mawili. Kikosi kizuri wakati huo utakikuta kwenye baraza: msanii kivulini, uso ameuelekeza barabarani, na mwanga wa vumbi na kuta nyeupe unamrudia shavuni. Hakuna taa ya kukodi inayoshinda hapo kwa bei. Tazama pia ngozi. Kamera ikiachwa ijiamulie mbele ya ukuta wa chokaa, humezwa na weupe, na uso mweusi ukawa kivuli kisicho na pua. Kameramani anayejua hupima mwanga kwa shavu, anga ikiungua na iungue.

Halafu kuna maji, kosa ninaloliona kuliko yote kwenye video za ufukweni. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3. Kiitikio cha kwanza mashua inaelea, cha pili imelala ubavu kwenye mchanga, na msanii hajabadilisha hata shati. Wavuvi wangewaambia bure, kama wangeulizwa.

Mavazi sina la kusema, vijana wanayajua kuliko mimi. Droni moja mwanzoni inatosha.

Idadi ya shoti, hata hivyo, ihesabu. Wimbo wa dakika tatu na nusu ukikatwa kila sekunde tatu unataka shoti 70. Waliorudi na 30 watarudiarudia, na marudio huanzia ubeti wa pili: mlango ule ule, mkufu ule ule, tabasamu lile lile. Ndiyo maana napenda vikosi vinavyomwimbisha msanii wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwenye kila lokesheni, kwa mbali na kwa karibu, kabla ya mbwembwe yoyote. Inachosha, lakini mhariri hapungukiwi.

Tazama pia nyuma ya msanii. Mama anayekaanga samaki na kuikwepa kamera hakuombwa ruhusa, na huonekana. Aliyeombwa huendelea na kazi yake, na shoti hupendeza.

Kwa wewe unayekwenda kushuti Jumamosi hii: angalia ratiba ya maji kabla ya kupanga saa, na upige ubeti wa pili kwanza, asubuhi, msanii akiwa bado na sauti. Kiitikio amekizoea, hata jioni atakiimba. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka kazi iwe imenakiliwa sehemu mbili.