Mashine inavyoisikia kadi isiyo na betri

Abiria wa London anapogusisha kadi ya Oyster kwenye geti la treni, mashine inakuwa tayari inarusha wimbi la megahezi 13.56. Kadi haina betri. Inapata umeme kutoka kwenye wimbi hilohilo. Kwa hiyo mashine haiwezi kunyamaza ili isikilize: ikizima wimbi, kadi nayo inazimika.

Kadi hujibu kwa kuunganisha na kukata ukinzani kwenye koili yake, na mzigo huo hutikisa kidogo volti za antena ya mashine. Katika mfumo wa aina hii, antena ya volti 100 hivi inaweza kupata badiliko la milivolti 10 tu, yaani sehemu moja kati ya elfu kumi.

Kukuza peke yake hakusaidii, maana wimbi la mashine, yaani wimbi chukuzi, nalo linakuzwa, na saketi inalemewa kabla jibu halijaonekana. Kuchuja nako ni kugumu: kama ingetumwa moja kwa moja, data ya kilobiti 106 kwa sekunde ingeng'ang'ania ubavuni mwa wimbi hilo, mahali penye chakarachakara zake nyingi zaidi.

Ufumbuzi unaanzia upande dhaifu. Chipu ya kadi huyagawanya masafa ya wimbi kwa 16, ikapata kilohezi 847.5, kisha huuchezesha ukinzani kwa kasi hiyo: katika nusu ya kwanza ya biti ikiwa ni 1, katika nusu ya pili ikiwa ni 0. Hivyo jibu linahamia megahezi 12.7125 na 14.4075, mbali na kelele.

Mashine nayo huzidisha kinachoingia kwa nakala ya wimbi lake yenyewe. Wimbi chukuzi linageuka mkondo mnyoofu, kapasita inauzuia, na jibu linabaki kwenye kilohezi 847.5, tayari kukuzwa. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi: mashine inalijua wimbi iliyolirusha.

Kuna mtego mmoja. Pengine mzigo wa kadi husogeza awamu ya wimbi badala ya kubadili kimo chake, na nakala moja haitaona kitu. Ndiyo maana hutumika nakala mbili zilizopishana kwa robo ya mzunguko. Kinachofichika kwa moja huonekana kwa nyingine.

Anayebuni kifaa cha kupima kitu hafifu asikimbilie kikuzaji. Kwanza aamue jibu litakaa kwenye masafa gani.