Ugatuzi pekee hauwezi kuokoa lugha za mama

KILA kunapoandaliwa tamasha za utamaduni katika kaunti zetu, husikika kauli ile ile: kwa kuwa sasa tuna ugatuzi, lugha zetu za mama zimepata mwokozi. Kauli tamu hiyo, ila ina kasoro. Inadhani kwamba mamlaka yakishuka mashinani, lugha nayo itafufuka yenyewe. Hebu tutazame Wales.

Mnamo 1962 mwandishi Saunders Lewis alionya redioni kwamba Kiwelisi kingekoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha kukitetea. Mnamo 1971 likaanzishwa shirika la shule za chekechea za Kiwelisi. Mnamo 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitishia kususia chakula hadi afe iwapo serikali ya Uingereza ingekiuka ahadi yake ya runinga ya Kiwelisi. Serikali ikanywea, na 1982 S4C ikaanza kupeperusha matangazo. Bunge la ugatuzi je? Lilikuja 1999! Wenye lugha hawakulisubiri.

Tena hata baada ya kulipata, sensa ya 2021 ilionyesha kuwa wasemaji walikuwa asilimia 17.8, kutoka asilimia 19 mnamo 2011. Upungufu ulijitokeza zaidi miongoni mwa watoto.

Sisi tulianza na bunge. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Jedwali la Nne nalo limezipa kaunti elimu ya chekechea, mahali pale pale ambapo Wawelisi walianzia kwa jasho lao. Lakini sisi fahari yetu ni nini? Mtoto wa miaka minne anayeporomosha Kiingereza huku nyanya yake akihitaji mkalimani!

Wapo watakaosema huu ni ukabila. Hapana. Huko Wales, shule za Kiwelisi zina watoto wengi ambao wazazi wao hawakijui. Lugha inafunzwa jirani, haifichwi. Wala Kiswahili hakipungukiwi na chochote mtoto akijua lugha ya kwao.

Basi gavana atakapovishwa ngozi na kushikishwa usinga, tumuulize: chekechea zako zinafundisha kwa lugha gani? Nasi wazazi tujiulize: jana usiku tulimwambia mtoto akalale kwa lugha gani?