Fundi na Bomba Jekundu

Bomba la moshi lililotoka kiwandani ni zito, na ndani yake lina vyumba na matundu ya kumeza kelele. La dukani ni jepesi, linang'aa, na dereva wa bodaboda akishalifunga mtaa mzima unajua amepita. Sina ugomvi na hamu hiyo. Pikipiki ndiyo ofisi yake, na kila mtu hupenda ofisi yake ipendeze. Lakini huja jioni moja dereva ameegesha kijiweni, injini inanguruma, giza limeshaingia, anatupa jicho chini na kuona shingo ya ekzosi, pale inapotokea kwenye silinda, imeiva nyekundu. Hapo ndipo hujulikana nani fundi na nani mfungua nati.

Kijiweni ushauri haukosi. Huyu atasema weka oili nzito. Yule atasema lizungushie bomba mkanda wa kuzuia joto. Mkanda utaficha wekundu tu, tena utashika maji ya mvua na kulilisha bomba kutu. Fundi ninayemsifu hapa hakimbilii spana. Nimewahi kukaa kwenye benchi la gereji ya chini ya mwembe nikasikia mazungumzo haya:

"Shikamoo fundi. Pikipiki inachemka."

"Marahaba. Inachemka, au umeona bomba jekundu?"

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema ameona bomba jekundu. Fundi akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuuliza. Imeanza lini? Inaiva ikiwa imesimama tu, au hata ukiwa barabarani upepo unapiga? Ukiachia mafuta kwenye mteremko, inapasua? Mbali na ekzosi, umegusa nini kingine? Swali hili la mwisho madereva hulijibu shingo upande, kwa sababu mara nyingi aliyefunga bomba jipya amelitoboa na boksi la filta ili injini ipumue vizuri.

Lile swali la kwanza lilinifurahisha mno. Kusema pikipiki inachemka ni kutoa hukumu. Kusema nimeona bomba jekundu ni kutoa ushahidi, na fundi alitaka ushahidi kwanza. Maana bomba kuwa la moto si ugonjwa. Katika nishati yote iliyomo kwenye petroli, takriban theluthi moja hutoka na moshi, na inayobaki kusukuma tairi ni robo hivi. Injini ikiwa na mzigo, gesi inayotoka kwenye valvu huweza kupita nyuzijoto 700, na chuma huanza kuonyesha wekundu gizani kikivuka 500 na kitu. Tena shingo za mabomba mengi ya kiwandani zina kuta mbili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani huiva, wa nje hubaki na rangi yake. Bomba la dukani mara nyingi lina ukuta mmoja, mwembamba. Kwa hiyo fundi hujiuliza kwanza kama hili ni joto jipya, au ni joto la siku zote ambalo sasa limevuliwa nguo.

Majibu mengine yameandikwa kwenye bomba lenyewe. Wahunzi wanajua kwamba chuma cha kawaida kikipashwa hugeuka rangi ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, na buluu karibu na 300. Chuma kisichoshika kutu huchelewa: manjano yake hafifu hutokea karibu na nyuzi 290, na buluu hufika kwenye 540 hivi. Rangi hizo hazifutiki injini ikipoa. Fundi hulisubiri bomba lipoe, akalipitia kwa macho na kwa kidole kuanzia kwenye silinda kurudi nyuma. Buluu inayofifia taratibu haimshtui. Anachotafuta ni masizi, mstari mweusi kwenye kiungo, ishara kwamba moshi unapenya mahali ambapo haukutakiwa kupenya.

Kiungo hicho ndicho chanzo cha visa vingi kuliko watu wanavyodhani. Aliyefunga bomba jipya ameirudisha gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa ikalala, au amekaza nati ya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa ya pili, na bomba likakaa mshazari. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia ule mwanya. Hewa hiyo ikikutana na petroli isiyoungua, inawaka humo humo ndani ya bomba, na ile mipasuko ya mteremkoni inatoka hapo. Kukipima kiungo hicho hakuhitaji mashine. Injini ikiwa ya baridi, fundi hupaka maji ya sabuni kwenye kiungo, anaiwasha, anaziba kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa, na mapovu yanamwonyesha mahali. Akimaliza huko huhamia upande wa pili, kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Akiunyunyizia maji na mlio ukabadilika, mpira una ufa na injini inavuta hewa.

Mpaka hapo hajagusa kabureta, na ninamheshimu kwa hilo. Nimeona jeti za kabureta zilizotobolewa kwa waya wa baiskeli ili zipitishe mafuta zaidi. Inaniuma, kwa sababu tundu la jeti limechongwa kwa kipimo cha sehemu za milimita, na namba iliyopigwa kwenye shaba yake ndiyo kumbukumbu pekee ya alipoanzia mtu. Ukiitoboa, namba inabaki lakini haimaanishi kitu tena, na fundi atakayekuja baada yako atadanganywa nayo.

Kama viungo vyote ni vizima, basi huenda ni kweli injini inakosa mafuta. Petroli ikitaka kuungua kikamilifu, kila gramu yake inahitaji hewa gramu 14.7 hivi. Bomba lililo wazi na boksi la filta lililotobolewa vinaleta hewa zaidi, na jeti imebaki ile ile. Mchanganyiko uliopungukiwa mafuta huungua polepole. Valvu ya moshi inafunguka moto haujamaliza kazi, na unaenda kuimalizia kwenye bomba. Moto wa plagi unaochelewa huleta matokeo yale yale, ndiyo maana fundi mzuri hukagua na muda wa cheche kabla ya kuagiza jeti.

Majibu ya dereva sasa yanapata kazi. Bomba likiiva pikipiki imesimama, anatazama jeti ndogo na skrubu ya hewa. Likiiva kwenye mwendo wa kawaida, anatazama sindano ya kabureta. Likiiva mafuta yakiwa yamefunguliwa mwisho, anatazama jeti kubwa. Sindano ina vijikata vichache upande wa juu, mara nyingi vitano, na klipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Klipu ikishushwa kijikata kimoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Fundi huishusha kimoja tu, akaifunga pikipiki, akaijaribu, akatoa plagi kutazama: nyeupe, bado inakosa, kahawia ya mchanga, imekaa, nyeusi yenye masizi, imezidi. Hagusi kitu cha pili kabla cha kwanza hakijajibu. Dereva anaangalia saa, hesabu ya tajiri inamsubiri jioni, na kuvumilia jicho hilo bila kuharakisha ni sehemu ya kazi.

Atauliza pia unaendesha wapi. Pikipiki iliyowekwa sawa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ikiteremshwa Mombasa hukutana na hewa nzito zaidi, na jeti iliyotosha kule juu hapa inapungukiwa. Na kabla hajamwachia dereva atarudisha kinga ya joto iliyotupwa pamoja na bomba la zamani, kwa sababu shavu la mguu wa abiria linakaa pale pale, na makovu ya ekzosi kwenye miguu ya kulia ya watu wetu ni mengi mno.

Kazi hii yote mara nyingi huishia kwenye gasketi moja, na dereva hulipa bei ya gasketi na kitu kidogo cha kufunga. Kutazama, kuuliza, kusubiri bomba lipoe, vyote havimo kwenye hesabu. Naona hiyo ni dhuluma, na mafundi wenyewe wameizoea kiasi cha kutodai. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia ufundi mtaani, na ni utaratibu ninaoupenda. Ningefurahi sana kama kwenye mtihani huo ingeletwa pikipiki yenye bomba jekundu, pasiwekwe kipuri wala spana mezani, na fundi aulizwe tatizo liko wapi na amelijuaje.