Rosa na Moyo wa Mtu Mwingine

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa dhamira ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), jibu liko tayari mdomoni: malezi mabaya. Zakaria kambana mno binti, binti kafunguka vibaya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha tunafunga daftari. Mimi nasema jibu hilo ni kweli, ila halijaeleza kitu.

Hebu tuitazame ile barua ya Charles. Zakaria anaipata, anampiga bintiye vibaya sana. Je, anamwuliza kilichomo moyoni mwake? Hata kidogo! Kwake Rosa ni kosa, si mtu mwenye mawazo. Hapo ndipo penye kiini cha riwaya: binti anajifunza kwamba moyo wa mwanamume hausomwi, huogopwa tu.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika vijiji vya karibu na Kampala, ng'ambo ya ziwa lile lile linaloizunguka Ukerewe ya Rosa, akawa anazitembelea familia 26. Aliona kwamba mama aliyeweza kueleza kinaganaga habari za mwanawe ndiye aliyeelekea kuwa na mtoto mwenye utulivu. Baadaye Peter Fonagy na wenzake wakaiendeleza hoja: mtoto huanza kuelewa mawazo ya wengine kwa kuwa kwanza yupo mtu aliyejaribu kuyaelewa ya kwake.

Sasa turudi kwa Rosa aliye mbali na nyumbani. Anapoanza kwenda na wanaume, tumezoea kusema eti uhuru umemlevya. Mimi naona hajui kuwasoma. Anayemtaka mwili na anayempenda wanafanana machoni pake, maana nyumbani hakupewa kipimo.

Atatokea wa kunibishia: mbona yupo Regina, mama mwema? Swali zuri. Regina anawapenda wanawe, lakini naye anaishi kwa kumwogopa mume. Upendo wake unamfundisha Rosa kuvumilia, haumfundishi kuuliza. Wala sisemi kwamba utoto ni hukumu isiyo na rufaa. Angalitokea mtu mmoja wa kumsikiliza, huenda Rosa asingalijiua.

Basi wenzangu, tukiishia kwenye "malezi mabaya" tunafanya alichofanya Zakaria na ile barua: tunamhukumu Rosa bila kumwuliza.