Pongezi kwa Mwalimu wa Kompyuta

Mpakani Tunduma, malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni mchana na usiku. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, watu wamezungumzia sana forodha, na mara chache mwalimu anayemfundisha kijana kompyuta, chombo cha kazi cha kila wakala wa mizigo.

Mwalimu huyu huanza kabla ya kipindi: anafuta vumbi, anakaza nyaya, anaondoa virusi vilivyoletwa na flashi. Kibodi moja wanafunzi watatu. Binti ambaye hajawahi kushika kipanya anaandika jina lake, analihifadhi, analifungua tena. Mwalimu hasogei mpaka binti aweze mwenyewe. Umeme ukikatika, anachora kibodi ubaoni kwa chaki, vidole vinafanya mazoezi juu ya dawati. Kidato cha nne anawafundisha kuandika barua ya kazi, kuchagua tahasusi, na kutomwachia nywila mtu wa steshenari. Hilo la mwisho, kwangu, ni ulinzi wa maisha.

Mzazi, ukienda kikao cha shule, ulizia chumba cha kompyuta kimepungukiwa nini. Kisha mshukuru mwalimu anayefundisha humo.